Namba ya ndoo kwanza, programu baadaye

Vijana wa Sikonge na Uyui, viwanda vikubwa vina programu inayounganisha mashine na ofisi ya mipango. Ni nzuri, ila kuinunua wakati chumba chako cha kuchuja asali hakiandiki chochote ni kazi bure. Mnunuzi akiuliza una kilo ngapi tayari, utakisia?

Ipe kila ndoo namba: mizinga ya wapi, tarehe, kilo, unyevu. Kiwango cha Codex ni unyevu usiozidi asilimia 20. Ikizidi, asali inaweza kuchacha, hivyo usiihesabu kwenye oda. Anayechuja aingize mwenyewe kwenye simu, palepale kwenye mizani, na ofisi ione siku hiyohiyo. Ukingoja mwisho wa mwezi, utakuwa umeshaahidi mzigo usiokuwepo. Mali bila daftari huisha bila habari.