Fedha za Ulinzi ni Fedha za Wananchi



Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Mei kuingia, Serikali hulazimika kuwasilisha Bungeni makadirio ya matumizi yake. Humo mna fedha za Wizara ya Ulinzi. Sisi wa Malindi na Kilifi tunapoitwa kutoa maoni, husema juu ya maji, barabara na karo. Tukifika kwenye ulinzi hunyamaza, kana kwamba jambo hilo ni la wenye magwanda peke yao. Kunyamaza huko ni kosa.

Katiba ya mwaka 2010 iko wazi. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Kitaifa uwezo wa kuidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge hilo majeshi yatumwapo kurejesha amani nchini. Na kifungu cha 221 kinaiagiza kamati ya Bunge isikilize wananchi inapoyachunguza makadirio.

Lakini idhini ijayo baada ya tendo ni muhuri tu. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, jeshi liliitwa kwa tangazo la gazeti rasmi la Serikali. Bunge likaidhinisha siku ya pili yake.

Basi silaha kuu ya Bunge ni mfuko. Huko Marekani, tangu miaka ya 1960, Kongresi hupitisha kila mwaka sheria ya kuidhinisha sera na mipango ya ulinzi, mbali na ile ya kutoa fedha. Kwetu ipo sheria ya matumizi ya fedha tu, na ulinzi ni fungu moja kati ya mengi. Fedha hupita, sera isijadiliwe.

Tutajibiwa kwamba hiyo ni siri ya dola. Siri ina mahali pake. Hatuombi kuambiwa askari wamelala wapi katika msitu wa Boni. Lakini bei ya kifaa na jina la aliyekiuza ni mambo mengine. Kandarasi 18 za kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, zilijikinga kwa neno hilo hilo, usalama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, liliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Mvuvi wa Ngomeni, ambaye tangu 1967 aliona roketi zikirushwa kutoka bahari anamovua, ana haki ya kuuliza fedha za shughuli hizo zinapitia wapi.

Kwa hiyo, bajeti inapochunguzwa, kila parokia na kila kikundi kimwandikie Karani wa Bunge la Kitaifa barua yenye maswali matatu. Mkaguzi Mkuu alisema nini juu ya fedha za ulinzi za mwaka uliopita? Majeshi yetu yako wapi, na kwa idhini ipi? Ni ununuzi gani mkubwa unaokusudiwa, na kwa sera gani?

Kanisani twamwuliza mweka hazina habari za sadaka ya shilingi ishirini, naye haoni kuwa ametukanwa. Na mbunge wetu aulizwe vivyo hivyo.