Dawa ya Mti Hudhuru Moyo

Kasongo na Kabambare, kama kwingineko Maniema, wengi huamini kwamba dawa ya mti haina madhara: isipoponya, haidhuru. Kwa mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo, imani hiyo yaweza kuua.

Mfano wa karibu ni Rauvolfia vomitoria, mti mdogo wenye utomvu mweupe na matunda mekundu, unaoota pembezoni mwa misitu ya Kongo na katika mashamba yaliyoachwa. Maganda ya mizizi yake, machungu kupindukia, hutumika kutibu homa, wazimu na tansiyo. Nguvu yake si uzushi. Mna reserpini, inayoshusha tansiyo, na ajmalini, inayopunguza kasi ya umeme wa moyo.

Katika msuli wa moyo, kila pigo huanza sodiamu inapoingia kwenye seli kupitia njia zake. Mshtuko wa moyo huua sehemu ya msuli na kuacha kovu, na umeme hulazimika kulizunguka. Umeme ukienda polepole mno, hurudi ulikotoka na kukuta msuli uko tayari kusisimka tena. Basi huzunguka bila kukoma. Moyo hutetemeka tu, damu haisukumwi, na mtu hufa ghafla. Ajmalini huziba njia hizohizo za sodiamu.

Madaktari wa Marekani nao waliamini kwamba kuziba sodiamu kungewalinda walionusurika mshtuko wa moyo. Matokeo ya jaribio lao yaliyotangazwa 1991 yaliwaumbua: kati ya wagonjwa 755 waliopewa flekainidi au enkainidi, dawa za kuziba sodiamu, walikufa 63, kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu, walikufa 26. Na hizo zilikuwa dawa za kupimwa kwa miligramu.

Watetezi wa mizizi husema hata kwinini inayotengenezwa Bukavu hutoka kwenye ganda la mti. Ni kweli, na ganda hilo lina pia kwinidini, dawa ya mapigo ya moyo ambayo yenyewe huweza kuyavuruga. Kiwanda hakikuiondolea hatari, kiliipa kipimo. Mzizi hauna kipimo: nguvu yake hutofautiana mti kwa mti.

Kwa hiyo aliyenusurika mshtuko wa moyo asinywe mizizi hiyo, na kama ameshainywa, amwambie muuguzi kabla ya kupewa dawa nyingine.