Arosto Ikiisha, Mtu Hajapona

Utaratibu wenyewe unajulikana katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Kijana ameuza simu ya dada yake, ameuza sufuria, juzi kaondoka na mtungi wa gesi. Wajomba wanaitwa. Anakamatwa, anaingizwa chumba cha uani, dirisha linapigiliwa mbao, ndoo inawekwa pembeni. Siku ya kwanza anapiga miayo na kutokwa makamasi. Ya pili na ya tatu anatapika, anahara, anajikunja kwa maumivu ya mifupa, anamlilia mama yake amwonee huruma. Kufika siku ya saba au ya kumi anakula ugali. Mlango unafunguliwa, anasomewa dua, anaambiwa: umepona, sasa tulia.

Hajapona. Imani kwamba teja akifungiwa mpaka arosto ikaisha basi unga, yaani heroini, umemtoka ni imani inayoua, na wanaoitekeleza ni watu wanaompenda kuliko wengine wote duniani.

Arosto ni mwili unaodai heroini uliyoizoea. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kama huo ndio ungekuwa ugonjwa wote, gereza lingekuwa hospitali bora kuliko zote. Lakini nani hajamwona mtu aliyetoka gerezani asubuhi, jioni yuko maskani? Ubongo uliofunzwa kwa miaka kwamba usingizi, raha na utulivu vyote vimo ndani ya kete hausahau kwa siku kumi. Kona fulani, rafiki fulani, ugomvi na baba, noti ya elfu tano mfukoni: kimojawapo kinatosha.

Na kifo kinamngojea hapo. Mwili uliokaa wiki mbili bila unga umepoteza uzoefu wake. Kiasi alichokimudu mwezi uliopita leo kinazima pumzi. Yeye anajidunga kilekile, kwa kuwa ndicho anachokijua. Analala, anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi. Msibani watasema shetani alimrudia. Shetani hahusiki. Wiki za kwanza baada ya kukaa bila unga, iwe chumbani au gerezani, ndizo za hatari kubwa kabisa kwake, na sisi ndizo tunazoziita za uponyaji.

Kwa mnywaji wa gongo hatari inakuja mapema zaidi. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla, anaweza kupata degedege na kufia humohumo chumbani. Huyo apelekwe hospitali, asifungiwe hata saa moja.

Tiba ya unga ipo, na ipo hapahapa nchini. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na sasa zipo pia Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Dawa hutolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa hufika kila siku, anaimeza mbele ya mhudumu, anaondoka. Nguvu ya heroini hukaa muda wa saa 4 hadi 6, ndiyo maana teja hana siku, ana saa tu za kutafuta kete inayofuata. Methadoni humshikilia mchana na usiku. Ndani ya muda huo arosto haimtafuti, hana sababu ya kuiba, wala ya kushika bomba la sindano lililotoka kwa mwenzake na VVU ndani yake.

Hapo ndipo watu wananikatiza: wanabadilishiwa dawa kwa dawa! Nimelisikia msikitini, nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa watu wenye elimu zao. Ni kweli methadoni iko jamii moja na heroini, na ikitumiwa ovyo inaua. Ndiyo sababu inapimwa na kunywewa mbele ya mhudumu. Lakini tuhesabu makaburi. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ ulikuta kwamba kati ya watu 1,000 walio kwenye methadoni, hufa takriban 11 kwa mwaka. Walioiacha, 36. Anayesema ni dawa kwa dawa awaangalie hao 25 waliobaki hai, aseme tena.

Kama lipo la kukemea, ni safari. Mgonjwa anayekaa mbali anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, huku mwajiri hataki kusikia habari za kuchelewa. Wengi hawaachi tiba kwa sababu wameipenda kete upya. Wanaacha kwa kukosa nauli. Wajomba wanaopatikana siku ya kupigilia mbao wapatikane na siku ya kutafuta nauli.

Mama uliyemfungia mwanao, mimi sikulaumu. Uliambiwa ndivyo anavyotibiwa. Ng'oa zile mbao. Kesho asubuhi mshike mkono, mwende wote kliniki, na ukirudi umtafutie nauli ya keshokutwa.