Barua ya wazi kwa ARCA: Tupeni kipimo cha bei ya gari

Kwa Uongozi wa ARCA, Mamlaka ya Kudhibiti na Kusimamia Bima, Bujumbura.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya mstari mmoja katika fomu ya bima ya gari: thamani ya gari. Anayekata bima ya lazima, ile ya kumlipa uliyemdhuru barabarani, mstari huo haumsumbui sana. Anayetaka gari lake mwenyewe lilindwe dhidi ya ajali, moto na wizi, ada na fidia yake hutegemea namba atakayoiandika hapo. Kwa gari lililotumika, namba hiyo aitoe wapi?

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, yakapitia bandari ya Dar es Salaam. Mwenye gari ana risiti ya ununuzi kwa dola, ana karatasi ya OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, yenye thamani ya forodha, na anaisikia bei ya leo kwa wauzaji. Bei hizo tatu hazilingani. Isitoshe, faranga ikidhoofika, gari linazeeka huku bei yake ikipanda. Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha faranga, dola ilipanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Namba zilizokuwa kwenye mikataba zilibaki pale pale.

Tuseme gari lina bei ya milioni 30 sokoni, na mwenyewe kaandika milioni 15. Akipata hasara ya milioni 8, kampuni inayofuata kanuni ya uwiano itamlipa milioni 4, kwa kuwa alikatia bima nusu ya gari. Aliyeandika milioni 40 naye hafaidiki: likiibwa, hulipwa bei ya soko, na ada aliyozidisha imekwenda. Wapo wanaoshusha bei makusudi ili walipe ada ndogo. Hao wanajua wanachofanya. Ila wengi hukosea kwa kukosa kipimo, tena mbele ya mkataba wa Kifaransa cha kisheria wasichokielewa.

Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, tangazeni orodha ya bei za magari yaliyotumika, kwa aina na mwaka wa kutengenezwa, na muipitie upya kila miezi mitatu.

Pili, kabla mteja hajatia saini, wakala aandike bei imetoka wapi, na aeleze kwa Kirundi au Kiswahili fidia itakatwaje bei ikiwa ndogo mno.

Tatu, faranga ikishushwa katikati ya mwaka, kampuni zimjulishe mteja na kumruhusu kupandisha bei kwa kulipa tofauti ya ada peke yake.

Kampuni nazo zitanufaika, maana bei sahihi huleta ada sahihi na hupunguza magomvi wakati wa fidia. Sheria inatudai tuseme kweli tunapojaza fomu, na tuko tayari. Tuwekeeni njia ya kuijua kweli hiyo kabla ya mikataba ya mwaka ujao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye gari, mkazi wa Asiatique, Bujumbura