Klarineti inapiga kelele? Tafuta springi kabla ya kumwaga mafuta

Mniwie radhi kwa kimya. Wiki mbili hizi sijaandika lolote kuhusu programu, maana jioni zangu zimeliwa na klarineti ya vijana wa kanisa letu hapa Kisumu. Ni moja tu, na vijana watatu wanapokezana. Ugonjwa wake: ukibonyeza vitufe inalia tik-tik, halafu vingine vinalia kama bawaba kavu ya mlango. Msichana anayeipiga vizuri kuliko wote alianza kukwepa mazoezi kwa aibu.

Kabla haijanifikia, fundi mmoja aliipulizia mafuta ya kutoa kutu chombo kizima. Kelele zikaisha siku mbili, zikarudi, na juu yake pedi zikaanza kunata kwenye matundu. Wazee wakasema iuzwe. Mimi nikapinga, na bado napinga.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili. Programu inakwama, mtu anaongeza memori bila kuuliza ni mstari gani unaokwamisha. Kelele ni dalili tu. Kwanza jua inatoka wapi.

Klarineti ya kawaida ina vitufe 17, na springi zake ni za aina mbili. Za kwanza ni za sindano: waya mwembamba wa chuma uliochomekwa kwenye kinguzo, ncha yake ikikaa katika kijishimo kwenye kitufe. Ncha ikikauka, ikipata kutu au ikitoka mahali pake, hulia. Za pili ni bapa: kibamba kilichofungwa kwa skrubu chini ya kitufe, ncha yake ikiteleza juu ya mwili wa chombo kila ukibonyeza. Hizi ziko, kwa mfano, kwenye kile kitufe kirefu cha kidole gumba cha kushoto. Pakikauka hapo, utasikia mkwaruzo.

Sasa jaribio lenyewe. Bonyeza kitufe kimoja kimoja, polepole, sikio likiwa karibu. Ukikipata chenye kelele, chukua kulabu nyembamba ya kufumia vitambaa, sukuma springi ya sindano itoke kwenye kijishimo chake, kisha chezesha kitufe kwa mkono. Kelele ikiisha, mwenye kosa ni springi. Ikibaki, springi haina hatia: angalia kama ekseli ya kitufe imelegea, au kama kile kipande cha koki (ile ya kuzibia chupa za divai) kimebanduka chini yake na chuma kinagonga mti. Springi bapa haisukumwi hivyo. Fungua skrubu, toa kitufe, ikague.

Nilikuta vitufe vinne tu vyenye shida. Viwili vilikuwa na springi bapa kavu: grisi kidogo kwenye ncha, ya kushikwa na kijiti cha meno. Kimoja sindano yake ilikuwa na kutu: nikaifuta, nikaweka tone la mafuta ya cherehani. Cha nne hakikuwa na shida ya springi kabisa, koki ilikuwa imeanguka. Hapo hata lita moja ya mafuta isingesaidia! Kazi iliyobaki, na iliyonichosha zaidi, ilikuwa kufuta yale mafuta ya mwanzo.

Na kutu haikuja kwa uchawi. Hapa ziwani hewa ina unyevu, na vijana walikuwa wakiifungia klarineti kwenye sanduku ikiwa bado na maji ya pumzi. Siku hizi wanapitisha kitambaa ndani kila baada ya kupiga.

Mtu ataniambia chombo kikiharibika kipelekwe Nairobi kwa wenye ujuzi. Sawa, springi ikivunjika peleka. Lakini tone la mafuta nalo lipande basi? Mpangilio wa vitufe hivi, wa Klosé na Buffet, ulipata hataza Ufaransa mwaka 1844. Ukijifunza leo hautapitwa na wakati mwakani, tofauti na nusu ya vitu ninavyojifunza kazini.

Tena klarineti si mgeni kwetu. Nzuri zake huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kuitunza miti hiyo. Mti unatoka kwetu, unavuka bahari, unarudi ukiwa chombo, halafu springi ikilia tunasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Kila kikundi chenye klarineti kiwe na kijana mmoja anayejua jaribio la kulabu.

Wetu tayari yupo. Ni yule msichana. Springi ya mwisho aliipaka grisi mwenyewe, na Jumapili alipiga.

Haya, narudi kwenye programu. Mwenye njia bora zaidi aniambie.