Ushindi Mara 11, Taji Hakuna

Mimi si shabiki wa pikipiki wala sijapata kuhudhuria mbio zake. Hata hivyo, tangu Novemba 2024 lipo swali linalonirudia kila niketipo kusahihisha karatasi za wanafunzi. Je, ni haki mtu ashinde mara nyingi kuliko wenzake wote, kisha aambiwe kuwa si bingwa?

Mtu huyo ni Francesco Bagnaia, Mwitaliano aliyezaliwa Turin mwaka 1997. Katika msimu wa 2024 wa mashindano ya dunia ya MotoGP, alishinda mbio kuu 11 kati ya 20. Mpinzani wake, Jorge Martín wa Uhispania, alishinda 3 pekee. Lakini msimu ulipofungwa mjini Barcelona, Martín alikuwa na alama 508 naye Bagnaia 498. Taji likamponyoka kwa alama 10.

Wapo waliodai kwamba hiyo ilikuwa dhuluma. Walisema kuwa utaratibu wa alama humtuza mwenye kujihadhari na kumwadhibu jasiri. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hata katika madarasa yetu hutokea mwanafunzi mwenye kipaji akapitwa na mwenzake mwenye kujikokota polepole. Tuipime basi kwa hesabu yenyewe.

Mshindi wa mbio kuu za Jumapili hupata alama 25, wa pili 20, na wa tatu 16. Aidha, tangu mwaka 2023 kuna mbio fupi za Jumamosi ambazo mshindi wake hupata 12. Maana yake ni kwamba anayekuwa wa pili mara mbili katika mbio kuu huvuna alama 40, ilhali anayeshinda mara moja na kuanguka mara moja hubaki na 25. Haba na haba, Martín alijaza kibaba. Bagnaia naye aliondoka mikono mitupu katika mbio kuu za Ureno, za Aragón na za pili za Misano.

Lakini hasara iliyo chungu zaidi ilitokea Mei mwaka huohuo, papo hapo Barcelona. Siku ya Jumamosi alikuwa akiongoza mbio fupi, umebaki mzunguko wa mwisho, akaanguka. Alama 12 zikapotea, nazo zinazidi zile 10 alizokuja kupungukiwa mwishoni mwa mwaka. Kesho yake alishinda mbio kuu katika uwanja uleule, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Nadhani wanaolalamika kwa niaba yake wamesahau mwaka 2022. Mwaka huo, baada ya kuanguka Ujerumani mwezi Juni, Bagnaia alikuwa nyuma ya Mfaransa Fabio Quartararo kwa alama 91, na zimebaki mbio 10. Akashinda mfululizo Uholanzi, Uingereza, Austria na Misano. Alipofika Valencia kwa mbio za mwisho hakuutafuta ushindi kwa pupa. Alimaliza wa tisa, akatwaa taji kwa tofauti ya alama 17. Akawa Mwitaliano wa kwanza kuwa bingwa wa daraja la juu kwa pikipiki ya Kiitaliano tangu Giacomo Agostini mwaka 1972. Siku hiyo mwenye kujihadhari alikuwa yeye, na hesabu iliyokuja kumnyima taji mwaka 2024 ndiyo iliyompa lile la kwanza. Mwaka 2023 ikampa la pili.

Yeye mwenyewe hakudai kuwa ameonewa. Alishinda mbio za mwisho za 2024, kisha akampongeza Martín. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wala kushindwa hakukuwa kugeni kwake. Mwaka wake wa kwanza katika mashindano ya dunia, 2013, hakupata hata alama moja. Alipokelewa katika chuo cha Valentino Rossi kilichoanzishwa Tavullia mwaka 2014, akapata ushindi wa kwanza mwaka 2016, akawa bingwa wa Moto2 mwaka 2018. Mwaka 2025 akaonja shubiri tena. Mwenzake mpya katika timu ya Ducati, Marc Márquez, alitwaa ubingwa, naye Bagnaia akamaliza wa tano. Alishinda Japani pikipiki yake ikifuka moshi, na wiki moja baadaye akaanguka Indonesia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba haki ilitendeka. Kuanguka hakuna budi kuhesabiwa, kwani kusimama wima ni sehemu ya ustadi.

Hata hivyo, sitaki mwalimu yeyote alichukue jibu hili na kumpiga nalo mwanafunzi aliyefeli. Haki ya MotoGP haitokani na ukali wa alama zake peke yake. Inatokana pia na wingi wa nafasi. Bagnaia alipimwa wikendi 20 katika mwaka mmoja, mara mbili kila wikendi. Aliyeanguka Juni alikuwa na Agosti ya kujisahihisha. Sisi tumezoea kumpima mtahiniwa wa KCSE, kwa kiasi kikubwa, katika majuma machache baada ya miaka minne ya masomo. Akiugua malaria asubuhi ya karatasi ya Hisabati, hana Uholanzi wala Uingereza ya kumwinua.

Wahenga walisema kuwa kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Maneno hayo yana ukweli pale tu ambapo mbele kuna njia. Tukitaka kuwahesabia vijana wetu kila anguko, basi na tuwape mbio za kutosha.