Mbunge wako alisema ndiyo au siyo? (Sehemu ya 4)

Mmeniuliza, "Nesi, mbunge wetu nishati safi anaipigia kura, au anapiga picha tu na mitungi?" Nikaingia kwenye Hansard. Nimekuta hivi: "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Basi! Jina hakuna.

Muswada ukifika mwisho Spika anauliza, wa ndiyo wanapaza sauti, wa siyo wanapaza, imeisha. Bajeti kuu ndiyo wanaitwa majina. Na hapo nani aseme siyo, wakati Katiba ibara ya 90 inamruhusu Rais kuvunja Bunge likikataa bajeti? Kwa hiyo ndiyo yake haikwambii lolote kuhusu mkaa wako.

Mkakati wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Serikali yenyewe inataja vifo kama 33,000 kwa mwaka vya moshi wa jikoni. Mimi namwona mtoto wa miaka miwili, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, mama ananukia moshi. Mtungi? Upo, aligawiwa. Gesi iliisha, hela ya kujaza hana.

Mimi nikichoma sindano naandika dawa, dozi, saa, nasaini. Nisiposaini naitwa kwa matroni. Yeye anapitisha kodi ya nchi nzima kwa kupiga kelele!

Akija tena kugawa mitungi, pokea (usiringe, ni hela yako). Halafu muulize mbele za watu: kujaza anajaza nani, na bungeni ulisema nini?

Majiko ya umeme kesho, naingia zamu ya usiku.